Mgeni Nambari Mia Tano na Moja

Orodha ilisema mgeni aliingia siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, na kwamba bado hajatoka.

Bochaberi aliisoma mara mbili akiwa amesimama, mkoba ungali begani. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwaka wa 1999, mjini Migori, na ofisi nzima ilikuwa kimya isipokuwa feni ndogo iliyozunguka ndani ya kompyuta. Kutotoka kwa mgeni hakukumtisha; watu husahau kufunga. Kilichomfanya auweke mkoba chini taratibu ni kwamba mtu angeweza kuingia kwa njia ya simu tu, na simu ya ofisi ilikuwa imekufa tangu Alhamisi, wezi walipokata nyaya za shaba upande wa mtoni. Na kama si kwa simu, basi ni kwa mkono, hapa hapa, kwenye kibodi hii. Ijumaa saa hiyo mlango wa chuma ulikuwa umeshateremshwa na kutiwa kufuli mbili.

Mwenye ofisi alikuwa Abdinasir, mtu wa Garissa aliyekuja Migori kijana na kuzeekea hapo. Alikuwa na ofisi tatu za kupiga chapa: hii ya Migori, moja Oyugis na moja Isebania mpakani. Watu walileta barua za uhamisho, fomu za shule, hati za mashamba, na Abdinasir akazihifadhi kwenye diski ndogo zilizosafiri kwa basi kati ya miji mitatu ndani ya bahasha. Bahasha zilipotea. Diski zilipata vumbi. Basi Bochaberi, aliyesomea kompyuta Nairobi kabla ya kurudi kumtunza mama yake, akamwambia kuna njia: mashine moja ikae Migori na faili zote, na wale wa Oyugis na Isebania wapige simu, wafungue ukurasa, wachukue wanachotaka na kuweka wanachotaka.

"Kabati moja, milango mitatu," alisema Abdinasir.

"Ndiyo, mzee."

"Na kufuli?"

"Kufuli nitaweka mimi."

Programu ilitoka kwenye diski iliyobandikwa ndani ya gazeti la kompyuta. Kitabu chake kilikuwa na hatua kumi na moja. Badilisha neno la siri la msimamizi. Zuia folda ambazo hazimhusu mtu. Weka orodha ya wanaoingia na kutoka. Hatua ya kumi na moja ilihusu mgeni, kwani programu ilikuja na mgeni tayari, asiye na neno la siri, mwenye ruhusa zote, aliyewekwa hapo ili mwenye mashine mpya ajaribu milango yake kama inafunguka. Ukishajaribu, kitabu kilisema, mwondoe.

Ukurasa wenyewe ulipofunguka ulisema kwa Kiingereza: taja jina lako. Abdinasir aliutazama kwa miwani, akacheka.

"Hii inaongea kama askari wa geti. Andika kitu cha watu. Andika: Karibu, nyumba ni yako."

Bochaberi akaandika. Aliona maneno yamependeza.

Ijumaa hiyo, saa kumi na mbili na dakika kumi, ilikuwa imebaki hatua ya kumi na moja peke yake. Alitazama mwanga chini ya mlango, ukiwa umeanza kuwa mwekundu. Kwao Sabato huingia jua likizama, na mama yake, Nyanchoka, hungoja mlangoni na beseni la maji na taa iliyokwisha kuwashwa. Hakuna sufuria inayoguswa baada ya hapo, wala kalamu, sembuse mashine. Kutoka ofisini hadi nyumbani ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Simu imekufa, alijiambia. Nani atakuja? Akafunga, akaenda mbio, akafika jua likiwa limebaki ukucha.

Na haki ni kusema kwamba hakuwa mzembe. Hatua kumi alikuwa amezimaliza vizuri kuliko wengi.

Sasa, Jumapili, alikaa kwenye kiti na kuandika amri ya kumwondoa mgeni. Mashine ikajibu: hawezi kuondolewa aliye ndani. Akamkata kwa amri nyingine, mgeni akatoka. Na kabla hajainua kidole kutoka kwenye kibodi, mgeni alikuwa ameingia tena, saa ile ile, Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika arobaini, kana kwamba siku haijasogea.

Ndipo akaisikia harufu. Si mbaya. Ilikuwa ya marashi ya waridi yaliyomwagwa juu ya ngozi mbichi ya mbuzi, na ilitoka upande wa ukuta, pale ambapo zamani, kabla ya Abdinasir kununua jengo, palikuwa na mlango wa stoo, sasa umezibwa kwa matofali.

Faili tatu zilikuwa zimebadilisha mmiliki. Zilikuwa za ofisi, sasa ziliandikwa za mgeni. Alibofya ya kwanza. Huna ruhusa. Ya pili. Huna ruhusa. Bochaberi ndiye msimamizi, na msimamizi ni kama mjenzi aliye na ufunguo wa kila chumba. Hakuna mlango katika mashine unaoweza kumwambia maneno hayo. Akabofya ya tatu kwa taratibu zaidi, kama mtu anayegusa bati asijue kama lina moto.

Huna ruhusa.

*

Jumatatu asubuhi mafundi waliunga nyaya. Saa tatu akaja kijana mmoja mrefu aitwaye Nyangau, kutoka shambani karibu na Isebania, viatu vikiwa na udongo mwekundu.

"Nimekuja kuchukua barua ya baba. Mzee Machuki. Ya mpaka wa shamba. Kikao ni kesho kwa chifu."

"Kwa nini hajaja mwenyewe? Alisema ataitia sahihi hapa."

Nyangau alijikuna shingo. "Mzee hatoki nyumbani."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anakula, anatukana, anasikiliza redio. Lakini tangu Ijumaa jioni akifika mlangoni, mguu haunyanyuki. Tumembeba, dada. Mimi na ndugu zangu wawili. Tulipofika kwa kizingiti akawa mzito kama jiwe la kusagia, tukamrudisha." Akacheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka kuchekwa. "Mama anasema ni uzee."

Faili ya kwanza kati ya zile tatu iliitwa Machuki, shamba.

Bochaberi hakumwambia. Alimwandikia barua nyingine kwa mkono, akampa. Alikuwa bado anamtazama akivuka barabara simu ilipolia. Ilikuwa ni Awino, mama wa makamo aliyeshika ofisi ya Oyugis, mwanamke asiyejua kunong'ona. Siku hiyo alinong'ona.

"Bocha, nyaminwa, dada yangu. Huku iko maneno."

"Maneno gani?"

"Mwalimu Nyamusi. Yule wa barua ya uhamisho. Alikuja Ijumaa jioni nikifunga, akakaa kwa benchi kupumzika, mpaka leo iko hapa. Amelala hapa siku tatu. Tumemvuta watu wanne. Ni kama kung'oa nguzo ya stima. Pasta amekuja, ameomba, ameenda kunywa chai."

"Awino. Usifungue ule ukurasa."

"Nilifungua asubuhi. Ulinikaribisha vizuri tu."

Faili ya pili: Nyamusi, uhamisho. Bochaberi aliiweka simu chini, na macho yake yakashuka yenyewe hadi kwenye jina la tatu, ambalo tangu jana alikuwa akiliona na kulipita kama mtu anavyolipita shimo njiani, na sasa akalisoma: Sumeya Abdinasir, fomu ya kuingia darasa la kwanza.

Familia ilikaa ghorofani, juu ya ofisi. Alipanda ngazi mbili mbili. Kultum, mkewe Abdinasir, alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa chumba cha watoto, mikono imenyooshwa mbele kama anayemfundisha mtoto kutembea. Ndani, hatua moja kutoka kizingitini, alisimama Sumeya mwenye miaka saba, amevaa sare mpya.

"Nilidhani ni ukaidi," alisema Kultum bila kugeuka. "Jumamosi na jana alishinda humu akicheza, hata chakula akasema aletewe. Leo ni shule."

"Sumeya," Bochaberi aliita taratibu. "Njoo kwa anti."

"Siwezi, anti. Kuna mtu amenishika kisigino."

"Anakuumiza?"

Mtoto alifikiri. "Hapana. Ananishika vile mama hunishika tukivuka barabara."

*

Abdinasir alisikiliza yote akiwa amesimama kati ya mashine na ukuta. Hakuuliza kama ni kweli. Alikuwa amempandisha Sumeya begani na kumfikisha mlangoni, akashindwa kupita.

"Basi izime," alisema. "Kabati ikiingia nyoka, unachoma kabati."

"Mzee, ngoja kwanza. Hatujui..."

Alikwisha kuinama na kung'oa plagi.

Feni ilipunguza mwendo, ikanyamaza. Katika kimya hicho walitambua kwamba wakati wote huo walikuwa wakimsikia Sumeya juu akiimba wimbo wa kuhesabu, moja mbili tatu kaka, nne tano sita dada, na kwamba wimbo ulikuwa umekatika katikati ya neno, si kama mtoto anayeacha kuimba bali kama kamba iliyokatwa kwa kisu, na baada yake ikaja sauti ya Kultum, ya chini, isiyolia, ikisema jina la mtoto mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kila mara ikipanda kidogo kama mtu anayeteka maji kutoka kisima kinachozidi kuwa kirefu. Bochaberi alimsukuma tajiri wake kando bila adabu yoyote, akaitafuta plagi gizani chini ya meza, akalikosa tundu, akalikosa tena, akaichomeka. Mashine ilichukua dakika mbili kuamka. Dakika zote mbili Abdinasir alisimama akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"...da," alisema Sumeya juu. "Saba nane."

Alimalizia neno lake. Hakujua kwamba lilikuwa limekatika.

Tangu hapo walikuwa wafungwa wote, si yule mtoto tu. Stima ya Migori mwaka huo ilikuwa ikikatika ovyo, kwa hiyo Abdinasir alikodi jenereta la baa ya jirani na kuliweka uani likinguruma kutwa kucha, na mtu asiondoke penye mashine, na mtu asiiguse. Bochaberi alikula pale, akalala pale juu ya godoro la Kultum. Mara kwa mara aliuangalia mlango wa mbele, ulio wazi mchana kutwa, barabara ikipita mbele yake na wauza ndizi na baiskeli, akaona ni ajabu jinsi mlango unavyoweza kuwa wazi namna hiyo na usiwe na maana.

Jumatano, saa saba, jua likiwa utosini na bati likilia kwa joto, alisikia mtu akibisha ukutani. Mabisho matatu ya upole, ya mtu mwenye adabu. Yalitoka pale penye matofali.

*

Maalim Suhail, ami yake Kultum, alifika kutoka Isebania siku ya Ijumaa baada ya swala. Alikuwa mzee mfupi mwenye koti la kijivu na kikohozi, na aliomba kahawa kwanza. Hakuwa amewahi kuona kompyuta kwa karibu. Alikaa mbele yake kama mtu anayekaa mbele ya mgonjwa asiyejua lugha yake.

"Nieleze, binti. Kwanza kabisa, alipofika, ulimwambia nini?"

Bochaberi aligeuza skrini. Maalim aliyasoma maneno polepole. Karibu, nyumba ni yako.

"Hayo ni yangu," alisema Abdinasir. "Nilimwambia ayaandike."

"Mlimpa muda wa kuondoka?"

"Hapana, Maalim."

"Mipaka? Hiki ni chako, hiki si chako?"

"Nilikuwa nimebakiza hilo tu," alisema Bochaberi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jua lilikuwa linazama. Kwetu ni Sabato."

Mzee aliitikia kwa kichwa, wala hakuonekana kumlaumu. "Swala nayo haingoji. Sikia. Hawa wasioonekana wako humu ukutani kabla ya Migori kuwa na jina. Sisi tunajenga juu yao, wao wanatuvumilia. Hawaingii, kwa sababu hakuna aliyewaambia ingia. Huyu alisikia neno, na saa aliyoisikia ndiyo saa yao, jua likigusa ardhi. Akafanya kama mgeni yeyote. Akakaa. Kisha, kwa kuwa mlimwambia nyumba ni yake, akaanza kuwashika watu wa nyumba wasipotee."

"Mfukuze," alisema Abdinasir.

"Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Ukimfukuza ataondoka na kitu, na vitu alivyoshika unavijua. Huyu anasindikizwa."

Walifungua milango yote, wa nyuma na wa mbele. Maalim alichoma udi. Alimwambia Bochaberi afute yale maneno ya ukurasa na kuandika mengine, naye akaandika: Asante kwa kuja, tunakusindikiza. Kisha mzee akasimama karibu na ukuta akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na kati ya aya na aya alizungumza, tena kwa upole, kama anavyozungumza mtu na mkwe wake, habari za mvua, habari za njia, usijali tutakufikisha barabarani. Na ile harufu ya waridi na ngozi mbichi, iliyokuwa imekaa chumbani wiki nzima kama mtu aliyekaa kwenye kiti, ilisogea. Ilimpita Bochaberi shavuni, ikiwa na ubaridi wa mtungi. Mnyororo wa mlango wa chuma uliyumba, ukatulia. Maalim alitoka nayo, akiinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza jibu, wakavuka barabara, mzee mmoja peke yake na pengo pembeni yake ambalo baiskeli zililikwepa bila kujua kwa nini.

Kwenye orodha, safu ya kutoka ilijaa. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja.

Bochaberi alimfuta mgeni kabla hajapumua. Safari hii mashine ilikubali.

Na juu, sauti ya Sumeya ikakatika.

"Bochaberi!" Kultum aliita ngazini. "Umezima?"

Hakuzima. Feni ilizunguka. Alizitazama faili tatu, akaelewa. Mashine haijui majina. Majina ni ya binadamu. Ndani yake kila mtu ni nambari, na mgeni alikuwa nambari mia tano na moja. Ukimfuta mgeni unalifuta jina, lakini nambari hubaki imeandikwa kwenye kila alichomiliki, nambari isiyo na mtu. Faili tatu sasa zilikuwa za mia tano na moja, na mia tano na moja hakuwapo. Watu watatu walikuwa wamesimama kama nyumba iliyofiwa na mwenyewe. Alijaribu kuzirudisha kwa ufunguo wake wa msimamizi. Huna ruhusa.

"Inawezekana kuzirudisha?" aliuliza Abdinasir. Alikuwa amekuja kusimama nyuma yake.

"Inawezekana. Atakayeandikishwa sasa atapewa nambari hiyo, kwa sababu ndiyo iliyo wazi. Atakuwa mwenye zile faili. Mwenyewe anaweza kuziachilia."

"Na huyo atakayeandikishwa?"

Bochaberi alifungua fomu ya kuandikisha mtu mpya.

"Andika jina langu," alisema Abdinasir. "Ni mtoto wangu, na maneno yalikuwa yangu."

Maalim alirudi wakati huo, amechoka, akishikilia fremu ya mlango. "Amekwenda. Lakini atarudi kubisha, wiki hii au ijayo. Hurudi kuona kama neno bado lipo. Ikibishwa hodi humu ndani, mchana au usiku, msijibu. Hodi tatu, bila jibu, ataenda zake moja kwa moja."

Bochaberi aliandika A, kisha b. Mwanga wa mlangoni ulikuwa mwekundu. Nyumbani mama ameshawasha taa. Juu, Kultum alikuwa ameanza kuhesabu badala ya mtoto, moja mbili tatu kaka, kwa sauti iliyopasuka, kana kwamba akimpa mwanzo wa wimbo ataushika. Bochaberi alifuta zile herufi mbili. Labda alifikiri kwamba mtoto aliyerudishwa huhitaji baba wa kumpeleka shule. Labda alifikiri tu kwamba mlango ule aliuacha yeye. Watu hufanya mambo makubwa kwa sababu ndogo, na mara nyingi hawapati nafasi ya kuulizwa.

Akaandika jina lake mwenyewe.

"Nitajifuta Jumapili," alisema.

Akaingia kwa jina hilo. Faili ya Machuki ilifunguka kwa mguso mmoja, akairudisha ofisini. Ya Nyamusi. Simu ililia, Awino akapiga yowe la furaha mpaka spika ikakwaruza: "Ametoka, Bocha! Ametoka mbio hata viatu ameacha!" Ya tatu aliishika kwa muda kidogo, kisha akaiachia, na hatua ndogo zikashuka ngazi, zikapita mbele ya mlango, sare mpya, soksi moja, hadi barabarani kwenye mwanga, na Kultum nyuma yake, na Abdinasir nyuma ya Kultum akiwa amesahau kanzu yake mkononi.

Bochaberi alicheka peke yake. Alichukua mkoba. Alifika mlangoni.

Hakukuwa na maumivu. Kulikuwa na mkono tu, mwepesi, kwenye kisigino.

*

Usiku huo walimvuta, wakambeba, wakakoma. Alijaribu kuiacha nambari ile, akajaribu kujifuta: hawezi kuondolewa aliye ndani. Maalim alikaa naye hadi alfajiri akisoma, na asubuhi akasema anakwenda Sirare, ng'ambo ya mpaka, kumtafuta mtu anayejua zaidi kuliko yeye, na aliposema hivyo hakumtazama usoni.

Jumamosi saa saba mchana mama yake alikuja kutoka kanisani, amevaa nguo yake nyeupe, na sahani ya viazi iliyofunikwa kitambaa. Walikuwa wamempa habari nusu nusu. Akina Abdinasir walikuwa juu na mtoto, wasiotaka kumwachia mkono. Nyanchoka alikataa kuingia. Alikaa kwenye kigoda nje ya kizingiti, sahani mapajani.

"Nani amekufungia?"

"Hakuna, mama. Mlango uko wazi."

"Basi toka tule."

"Nakuja."

Hakwenda. Mama akasukuma sahani ndani kwa fimbo yake, akaanza kuimba polepole wimbo wa asubuhi hiyo, kwa Kigusii, akiacha nafasi kila mwisho wa mstari ili binti yake aitikie. Bochaberi aliitikia. Bati lililia kwa joto. Kwenye skrini orodha ilikuwa na mstari mmoja: Bochaberi, aliingia Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Safu ya kutoka ilikuwa tupu.

Ukutani, nyuma ya matofali, kukabishwa.

Bochaberi alifumba mdomo kwa mikono miwili. Bisho la kwanza. Alihesabu, akitazama ukuta, asithubutu kupumua, akijiambia mawili tu, mawili tu na ataenda zake moja kwa moja. La pili, la upole, la mtu aliyezoea kungoja. Akamgeukia mama yake ili amwonye kwa macho, kwa mkono, kwa chochote, lakini mwanga wa mlangoni ulikuwa mkali na yule mama mzee alikuwa anainamia kukunja kitambaa chake, mwanamke aliyewalea watoto sita kwa msemo kwamba hodi isiyojibiwa hulala mlangoni.

La tatu. Na safari hii, pamoja nalo, sauti.

"Hodi."

"Karibu," alisema Nyanchoka.